Samaki wa kikaango au samaki wa mizani: kwa nini wavuvi wengine wa mshipi Mombasa hawamfuati nguru?

MshipiMfupi

Assalamu alaikum wana bahari, na shikamooni wakubwa.

Nina swali kwa wanaoijua kazi. Hapa Mombasa ukisimama kwenye miamba ya Mama Ngina, au ukipita na mtumbwi mkondo wa Tudor, utawaona watu wenye mkono mzuri, wanaoyajua maji, na bado ndoana zao ni ndogo. Wanatafuta changu, chaa, mkundaji, tafi. Nguru, kolekole, felusi na jodari wako nje ya mwamba, na uzito wao unajulikana. Kwa nini mtu anayeweza kuwaendea wakubwa aamue kubaki na samaki wa kiganja? Ni bei ya mafuta tu, au kuna jambo jingine?

Na kwa anayetaka kuanza na hawa wadogo, naomba vipimo kamili: ndoana namba ngapi, mshipi unene gani, chambo gani, maji ya namna gani.

FundiChubwi

Waalaikumu salaam, mwanangu, marahaba. Mafuta yamo, lakini si sababu ya kwanza. Ya kwanza ni hesabu ya siku. Nguru na wenzake wako nje ya mwamba, na huko nje mwenye amri ni upepo. Kusi ikishika, tangu Aprili hadi karibu Septemba, mtumbwi wa makasia hauna kazi huko. Mawimbi yanavunjika kwenye milango ya mwamba na kurudi ni shida kuliko kwenda. Utulivu unakuja na kaskazi, Novemba hadi Machi. Lakini ndani ya Tudor, Port Reitz na mkondo wa Mtwapa kuna mikoko na nchi kavu pande zote, na hata kusi ikivuma unatia nanga na kuvua. Anayependa changu na chaa anavua miezi yote. Anayemtaka nguru peke yake hukaa pwani nusu ya mwaka akitazama mawingu.

Ya pili ni kidole. Kurambaza, chombo ndicho kinachovua: unakwenda noti 5 hadi 7, yaani maili za bahari kwa saa, chambo kinakimbia nyuma, wewe umekaa. Samaki akishika, kazi iliyobaki ni nguvu. Changu hataki nguvu. Mshipi umelala juu ya kidole cha shahada, chini kuna chubwi, yaani uzito unaozamisha mshipi. Anagonga mara mbili, gu-gu, anaacha, halafu anaondoka nacho. Ukivuta kwenye ile gu-gu umemnyang'anya chambo mdomoni. Ukingoja aondoke ndipo uvute, ndoana inakaa pembeni mwa mdomo. Chaa hagongi kabisa: mdomo wake unachomoza kama mrija na kunyonya, kwa hiyo unachosikia ni mshipi kulegea, kama chubwi imepoteza uzito. Hapo ndipo pa kuvuta, taratibu, maana mdomo wake ni mwepesi na ukikwanyua kwa nguvu utauchana. Mkundaji anatetemesha mshipi bila kupumzika. Mtu aliyezoea anajua ni samaki gani kabla hajamwona, na ladha hiyo huwezi kuipata kwa mshipi wa milimita moja uliofungwa ubavuni mwa mashua.

Sasa vipimo. Mshipi mkuu milimita 0.50, ukiwa mwembamba kuliko huo unakata vidole, na vidole vyenyewe uvivalishe kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Vishipi vya ndoana viwe viwili, vya milimita 0.35, kila kimoja sentimita 20. Cha kwanza kifungwe sentimita 30 juu ya chubwi, cha pili sentimita 40 juu ya cha kwanza. Umbali huo una maana: kishipi kikiwa kirefu kuliko nafasi iliyopo, ndoana mbili zinashikana, na utakaa chini robo saa nzima ukivua fundo.

Ndoana namba 8 au 10 kwa changu wa gramu 200 hadi 400, namba 12 kwa chaa. Kumbuka namba ikipanda ndoana inapungua. Kosa la wageni ni kutia ndoana kubwa ili wapate samaki mkubwa. Changu mdomo wake si mpana. Ndoana kubwa anaimenya chambo kama mtu anavyomenya ndizi, akakuachia chuma.

Chubwi ya gramu 60 hadi 100 inatosha mkondoni. Ukivua mlango wa Kilindini maji yakiwa yanakwenda, hata gramu 250 inaburutwa. Na chubwi usiifunge kwa mshipi mkuu. Ifunge kwa kipande cha milimita 0.25. Ikinasa jiweni, kinakatika hicho tu, na unaipandisha ndoana zote mbili na samaki wako. Watu wanatumia plagi kuukuu za pikipiki au nati badala ya risasi, na mahali penye mawe mengi hiyo ni akili nzuri kwa sababu utapoteza nyingi.

Chambo: kamba mbichi mdogo aliyemenywa, nusu kwa ndoana. Pale visamaki vidogo vinapodonadona na kumaliza chambo, badili utie mkono wa pweza au ngisi aliyekatwa vipande vya upana wa sentimita moja na urefu wa nne, maana ni mgumu na hauchomoki. Kwa changu hakuna kinachomshinda yule kaa anayeishi ndani ya kombe la konokono: vunja kombe, tumia tumbo lake laini. Ngisi ukimtia chumvi anakaa siku kadhaa bila barafu na anazidi kuwa mgumu.

Maji utayapima kwa mwezi. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 3 na nusu. Yote hayo yanapita milango myembamba ya mikondo, kwa hiyo mshipi unapinda kama upinde na chubwi haikai. Subiri maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo, kama tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 za mwezi wa Kiislamu. Ikibidi uvue bamvua, basi vua maji yakisimama: nusu saa kabla hayajajaa kabisa na nusu saa baada. Siku za bamvua Mombasa maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50.

Jambo la mwisho, mvua. Masika ikimwaga, mito ya Kombeni na Tsalu inaleta tope ndani ya Tudor, na changu wanahama. Utapata ngogo tu. Teremka karibu na mlango wa bahari, kwenye maji safi.

BintiKuze

Ami Fundi amesema ya baharini, nami niseme ya jikoni, kwa sababu samaki huyu anachaguliwa na kikaango kabla hajachaguliwa na ndoana.

Mama karanga anayekaanga samaki jioni anataka samaki mzima, kichwa na mkia, wa gramu 200 hadi 300. Ndiye anayeenea karai, anayeiva ndani kabla ngozi haijaungua, na anayeuzwa mmoja kwa mtu mmoja bila kisu wala mzozo wa nani kapata mkia. Nguru wa kilo 8 ukimleta kwenye karai ni lazima akatwe vipande, mifupa ya mgongo ipasuliwe, na kipande kinene kikikaangwa kwa moto wa mama karanga kinakauka nje na kubaki kibichi katikati. Nguru ni mzuri, wala sisemi vinginevyo, lakini mahali pake ni kwenye mchuzi wa ukwaju au kipande chembamba juu ya makaa. Changu wa kupaka ni jambo jingine: unampasua kwa mgongoni, unamlaza wazi, unamchoma upande wa nyama kwanza hadi ukamate, ndipo unapaka tui zito lenye kitunguu saumu, tangawizi, pilipili na ndimu, unageuza na kupaka tena mara tatu. Tui likipakwa nyama ingali na maji linateleza na kudondokea makaani, na moshi wake unamwachia samaki uchungu.

Kisha kuna barafu. Nguru na jodari wana nyama yenye damu nyingi, na wakikaa juani saa chache nyama yao inajenga histamini. Hiyo haiondoki kwa kupika, kwa kukaanga wala kwa ndimu. Mtu akila anawashwa, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinamgonga na tumbo linaharibika. Kwa hiyo anayekwenda kwa wakubwa achukue barafu kilo kwa kilo: samaki kilo 20, barafu kilo 20. Mvuvi wa changu anabeba ndoo yenye gunia lililoloweshwa na barafu kilo 3, na anarudi nyumbani ndani ya saa nne. Changu naye anaoza, msinielewe vibaya, ila hana sumu hiyo na anakusamehe kidogo.

Na ya tatu, samaki wakubwa wanaowinda mwambani, mzia mkubwa, kolekole mkubwa, chewa mkubwa, wanaweza kukusanya sumu ya mwambani inayotoka kwa mwani mdogo usioonekana kwa macho na kupanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa. Nayo haifi jikoni. Kadiri samaki anavyokuwa mkubwa ndivyo hatari inavyoongezeka. Wako wanaowaacha mzia wakubwa kwa sababu hiyo peke yake, na nawaunga mkono.

Nahodha_Mtwapa

Msimwonee nguru. Kaskazi ikitulia, nguru watatu ni kilo 20 na zaidi, na muuzaji anawangoja pwani. Anayelisha nyumba kwa bahari hawezi kumdharau.

Lakini hesabu iwe kamili. Mashine ya nguvu za farasi 15 ikiwa wazi kabisa inakula lita 6 hadi 8 kwa saa. Toka Mtwapa uvuke mwamba, urambaze saa nne, urudi: umekwisha lita 25 hadi 30 kabla hujajua kama kuna samaki. Siku ya kukosa, na nguru ana siku nyingi za kukosa, lita hizo zimekwenda. Mshipi wa milimita 0.90, waya wa mbele sentimita 30 kwa sababu meno yake yanakata nailoni kama wembe, ndoana 6/0 hadi 8/0, ambazo ni kubwa, na kwa hizi zenye sifuri namba ikipanda ndoana inakua. Kosa ninaloliona sana ni waya mrefu mno: ukipita nusu mita unang'aa majini na nguru anageuka. Kosa la pili ni kupunguza mwendo samaki akishika. Usipunguze hapo hapo. Hatua chache za maji endelea, ndoana izame.

Sulisuli, wale wakubwa wenye mdomo mrefu kama upanga, wa mkondo wa Pemba ni habari nyingine kabisa, vyombo vikubwa, viti vya kupigania samaki, na siku hizi wengi wao hufungwa alama na kurudishwa majini. Huko mtu hapeleki mboga nyumbani.

MkonoMwepesi

Naongeza kitu kidogo. Hii tabia haiko kwetu peke yetu. Kaskazini mwa Marekani na Kanada ziwa likiganda, watu hutoboa tundu kwenye barafu na kuvua kwa fimbo fupi. Chini wako paiki na walai wakubwa, na bado wengi wanawafuata blugili, krapi na pechi, samaki wa kiganja. Wanawaita kwa jina la kikaango, kwa kuwa wanaenea kikaangoni, sawasawa na anavyosema dada BintiKuze. Sababu zao zinafanana na zetu: wanatembea kwa makundi, kwa hiyo ukimpata mmoja umewapata wenzake, mshipi wa nguvu ya kilo 1 au 2 unamfanya samaki mdogo asikike, na nyama ni tamu.

Wenzetu hao wamejifunza jambo moja kwa gharama, na linatuhusu. Madume makubwa ya blugili ndiyo yanayolinda viota. Watu wakiyaondoa yale makubwa yote, wadogo wanaanza kuzaa mapema wangali wadogo, na ziwa linabaki na visamaki vya kidole. Jimbo la Minnesota, ambako mtu aliruhusiwa blugili 20 kwa siku, limepunguza hadi 10 au 5 katika maziwa kadhaa. Huku kwetu chewa huanza maisha akiwa jike na baadaye hugeuka dume, kwa hiyo wakubwa wakiisha, madume yameisha. Samaki mdogo wa kula si lazima awe mtoto. Tafi chini ya sentimita 20 bado hajazaa; mrudishe. Changu wa upana wa viganja viwili ndiye samaki wa sahani, si yule wa kidole.

Na msisahau mipaka. Hifadhi ya bahari ya Mombasa ilitangazwa 1986: kilomita za mraba 10 za ndani hazivuliwi hata kwa mshipi, na eneo la nje la kilomita za mraba 200 linaruhusu uvuvi wa asili tu. Mshipi na dema, ule mtego wa kusukwa, sawa. Juya, yaani wavu wa kukokota, na bunduki ya kuchomea samaki ni marufuku. Ukiwa mgeni wa Nyali au Bamburi uliza wazee wa pwani mahali maboya yalipo kabla hujatia nanga.

MshipiMfupi

Mungu awabariki nyote. Nimefunga kama alivyosema Mzee Fundi na nimeelewa maana ya kile kipande cha 0.25. Limebaki moja: tafi. Wako wengi kwenye nyasi za bahari, unawaona kwa macho, lakini ndoana inarudi tupu kila mara. Kamba hawamtaki, ngisi wanamnusa tu.

FundiChubwi

Tafi anakula majani, mwanangu. Ndiyo maana wengi wanampata kwa dema na si kwa mshipi. Kwa ndoana inawezekana, ila sahau kila nilichosema juu ya changu.

Chambo ni donge la unga wa ngano. Kikombe kimoja cha unga, maji vijiko vinne au vitano, ukande hadi lisishike mkononi. Kisha chukua pamba, kiasi cha nusu ya kidole gumba, uichambue nyuzi nyuzi na uikande ndani ya donge. Pamba ndiyo siri: bila hiyo unga unayeyuka kabla ya dakika mbili na tafi hula mawingu. Wengine wanaponda mwani mbichi na kuuchanganya, nao unasaidia kwa harufu. Ndoana namba 14 au 16, yenye shina fupi. Donge liwe dogo kama punje ya dengu, lifunike ncha tu. Mdomo wa tafi ni mdogo kuliko unavyodhani ukimtazama ubavuni.

Usiweke chubwi chini. Tumia boya dogo, kipande cha kandambili kikatwe kama kidonge, na risasi ndogo ya kubana sentimita 25 juu ya ndoana, donge lielee juu tu ya nyasi. Kishipi milimita 0.25. Mwaga vipande vya mkate uliolowa kila baada ya dakika tano, kidogo kidogo. Ukimwaga mkate mzima wanashiba na kuondoka. Boya likitikisika usivute. Likitembea kwa ubavu, vuta kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Maji yakipanda juu ya nyasi, kama saa mbili kabla ya kujaa, ndio wakati wao.

Ukimpata, umtoe matumbo mapema, kabla hujafika nyumbani. Matumbo yake yamejaa mwani unaochacha, na yakikaa joto yanaipa nyama harufu ya matope. Usipasue nyongo.

BintiKuze

Na kabla ya matumbo, miba! Usimkamate tafi kama unavyomkamata changu. Ana miba 13 mgongoni, 7 chini nyuma ya tundu la haja, na kila pezi la tumbo lina miba miwili, mmoja kila ukingo. Jumla 24, na yote ina sumu. Hata akiwa amekufa inachoma, hata akiwa kwenye barafu, hata kwenye sinki unapomkosha. Mshike kwa kitambaa kinene, kutoka kichwani ukirudisha mapezi nyuma, au umbane kwa koleo mdomoni ndipo utoe ndoana. Jikoni chukua mkasi mkubwa, kata miba yote kwanza, ukianzia nyuma kuja mbele, halafu ndipo magamba.

Akikuchoma, maumivu yanapanda mkono mzima ndani ya dakika chache. Usikate wala usinyonye jeraha. Osha, toa kipande cha mwiba kama kimebaki, kisha tia kidonda kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, karibu nyuzi 45, dakika 30 hadi 90. Pima joto kwa mkono usiochomwa, kwa sababu ule uliochomwa hausikii vizuri na utaubabua. Maji yakipoa badili. Chupa ya chai yenye maji ya moto iwe ndani ya mtumbwi kila unapokwenda kwa tafi, na mtu akianza kuvimba uso au kukosa pumzi, apelekwe hospitali bila kungoja maji yapoe.